Mbwa Anayelia Nyuma ya Geti

Mwenye mbwa ndiye mtu wa mwisho kujua. Jirani anajua, mlinzi wa zamu wa nyumba ya tatu anajua, na mama anayeuza ndizi kwenye kona anajua, tena pengine ameshachoka kujua. Kila asubuhi wote wanasikia geti likifungwa na pikipiki ikiondoka, na kabla mngurumo wake haujapotea barabarani, sauti nyembamba inaanza ndani ya nyumba. Si ile ya kumbwekea mgeni. Inavuta, inakatika, inavuta tena, mpaka mpita njia anadhani ni mtoto. Jioni mwenyewe anarudi, anapokewa kwa mkia usiotulia, anakuta mkojo sebuleni, kiatu kimetafunwa na mlango umechakurwa hadi rangi imebanduka. Uamuzi wake ni mmoja: mbwa huyu ana jeuri.

Si jeuri. Kiswahili kina neno ambalo wanadamu wamejiwekea wao wenyewe: kihoro, ile fadhaa inayomkumba mtu aliyeondokewa na wa kwake. Mbwa mdogo aliyeletwa nyumbani wiki mbili zilizopita, akitolewa kwa mama yake au kwa familia iliyomlea kwanza, hana namna ya kujua kwamba anayefunga geti asubuhi atarudi jioni. Anachojua ni kwamba mara ya mwisho watu wake walipotoweka, hawakuonekana tena.

Gitega ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa kuwa mji wenyewe umepokea watu wengi walioacha wengine nyuma. Tangu Januari 2019, Bunge la Burundi lilipopitisha sheria ya kuufanya mji huu makao makuu ya kisiasa na kuiachia Bujumbura biashara, watumishi wa serikali wamekuwa wakipanda milima, kilomita 100 hivi kutoka ziwani, kufuata ofisi zao. Mtu anakodi nyumba ya vyumba viwili, familia inabaki Bujumbura kwa ajili ya shule za watoto, naye Ijumaa anashuka kuwasalimia. Kwa mtu wa namna hiyo mbwa mdogo ni mwenzi wa jioni, hasa usiku wa Julai ambapo baridi ya Gitega haina huruma. Ila kwa mbwa, hakuna nyumba ngumu kuliko hiyo: yupo mtu mmoja tu, anayekuwepo usiku kucha na kutoweka mchana kutwa.

Mbwa wa rugo, boma la familia la mlimani, hakuwa na shida hii. Alilala nje, akawafuata watu shambani na watoto kisimani, na hata wote wakiondoka, bibi alibaki akichambua maharage kwenye jua. Hakuna aliyemfundisha mbwa huyo kukaa peke yake kwa sababu hakuwahi kukaa peke yake. Upweke wa mbwa umeingia mjini pamoja na kufuli.

Wala mbwa wa umbo dogo si kitu kigeni kilicholetwa na ndege. Basenji, mbwa wa kuwinda wa bonde la Kongo mwenye uzito wa kilo 10 hivi, habweki kama wenzake bali hutoa mlio kama wa kuimba. Mwaka 1937 alionyeshwa London kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, na leo anafugwa Ulaya na Marekani kwa fedha nyingi. Msomaji wa Kiswahili cha Kongo au cha Burundi ameshalitambua jina lake: ni lile lile la washenzi. Mshenzi huyu ana vyeti vya ukoo kuliko watu wengi. Wanaomfuga huko ng'ambo humsifu kwa akili na usafi, kisha hushusha pumzi na kukiri kwamba akiachwa peke yake anaitafuna nyumba. Si ajabu. Kazi yake ya asili ilikuwa kwenda porini na watu, siyo kulinda kochi.

Kabla ya kutafuta dawa, lazima ijulikane kama ni kihoro kweli. Mbwa anaweza kutafuna viatu kwa sababu meno yanaota, au kukojoa ndani kwa sababu amefungiwa kwa saa tisa na kibofu chake ni kidogo. Anaweza kubweka kwa sababu paka wa jirani amekaa ukutani akimtazama kwa dharau. Simu hutatua ubishi huo. Mwenye mbwa aiwashe irekodi, aiweke juu ya kabati, afunge geti, aende dukani, arudi baada ya nusu saa. Kihoro huanza mapema, mara nyingi ndani ya dakika chache za kwanza, na huelekea mlangoni na dirishani, pale mtu alipopitia. Mbwa huzunguka, huhema, hudondosha udenda, hulia kwa mfululizo. Tena kuna kipimo kisicho na gharama: ndagala chache, yaani dagaa, zilizoachwa sakafuni. Mbwa mwenye uchovu tu wa kukosa la kufanya atazila mara moja. Mwenye kihoro hazigusi mpaka mtu wake arudi, ndipo azimeze zote kwa pupa.

Elimu ya jambo hili, kwa sehemu, ilizaliwa Afrika Mashariki, na haikuanza na mbwa. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyekulia Toronto, alifika Kampala na mumewe. Alianza kutembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vya karibu na mji, akikaa nao kwa saa kadhaa kila baada ya wiki mbili na kutazama watoto wachanga na mama zao. Akaona jambo ambalo kila bibi analijua, ila hakuna aliyekuwa ameliandika kwa utaratibu ule: mtoto mwenye uhakika na mama yake ndiye anayethubutu kutambaa mbali naye. Anafika mlangoni, anageuka kuangalia kama mama bado yupo, kisha anaendelea na safari yake. Mama ni kama gati. Mvuvi anayejua gati liko pale pale ndiye anayesukuma mtumbwi hadi kilindini. Kitabu chake kuhusu watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967.

Akiwa Baltimore, Marekani, Ainsworth aliyageuza aliyoyaona Uganda kuwa jaribio la dakika 20 hivi. Mama na mtoto wanaingia chumba wasichokijua, mgeni anaingia, mama anatoka, mama anarudi. Kilio cha kuachwa hakikuwa jambo kubwa. Kilichopimwa zaidi ni jinsi mtoto anavyompokea mama na kama anaweza kutulia tena acheze.

Mwaka 1998 József Topál na wenzake wa Budapest, Hungaria, walichukua jaribio hilo hilo na mahali pa mtoto wakamweka mbwa. Walitazama jozi 51 za mbwa na wenye mbwa. Mwenyewe akiwepo, mbwa alicheza na kukagua chumba. Akitoka, mbwa alikwenda kusimama mlangoni. Miaka mitatu baadaye Márta Gácsi wa kundi hilo hilo aliongoza utafiti kwenye vituo vya mbwa waliotelekezwa: mtu asiyejulikana alikaa na mbwa kwa dakika 10 hivi, mara tatu tu, na hizo zikatosha. Mbwa walianza kumfanyia yale ambayo mbwa wa nyumbani humfanyia mtu wake.

Hapo ndipo palipofichika tatizo la mbwa mpya. Nusu saa inatosha kumfanya ashikamane na mtu. Kumfanya aamini kwamba mtu huyo akitoka hurudi ni kazi ya wiki nyingi, na wengi huianza siku ya kwanza kwa kumfungia ndani na kwenda kazini.

Fimbo haisaidii. Mtu akirudi jioni na kumchapa mbwa kwa mlango uliochakurwa saa moja asubuhi, mbwa haunganishi mambo hayo mawili. Anachojifunza ni kwamba hata kurudi kwa mtu wake kunatisha. Wengi hukataa wakisema, "Mbona anajua kosa lake? Mtazame anavyoinamisha kichwa!" Mwaka 2009 Alexandra Horowitz wa Barnard College, New York, aliuchunguza uso huo wa hatia kwa mbwa 14. Uso ulitokea mbwa walipokemewa, wawe wamekula kitu walichokatazwa au hawakukila, na waliokemewa bila kosa ndio walioonekana wakosaji zaidi. Alichokuwa akisoma mbwa ni hasira ya mtu.

Mnyororo nao huongeza moto. Mbwa mwenye hofu akifungwa hujiumiza shingo na meno, na hofu inabaki palepale.

Kinachosaidia ni mazoezi madogo, yanayochosha kwa udogo wake. Kuondoka kwa mtu hakuanzi mlangoni. Kunaanza na mlio wa funguo, viatu, kofia ya pikipiki, begi la kompyuta, na mbwa ameshazisoma dalili hizo kama msafiri anavyosoma mawingu. Kwa siku chache za mwanzo, basi, mwenye mbwa azipokonye maana. Achukue funguo kisha akae kula. Avae viatu kisha akapike chai. Afanye hivyo mara nyingi mpaka mbwa asiinue tena kichwa.

Kisha mlango. Anatoka, anahesabu hadi tano, anarudi bila shangwe wala pole nyingi. Baadaye sekunde 20, baadaye dakika moja, baadaye tatu. Kanuni kubwa ni kurudi kabla kilio hakijaanza. Kikianza, hatua ilikuwa ndefu mno na inapunguzwa. Muda usipande kama ngazi kila siku, maana mbwa hugundua na kungojea kibaya zaidi. Upande na kushuka: leo dakika tano, kesho mbili, kesho kutwa nane. Dakika 30 za kwanza ndizo mlima wenyewe. Mbwa akizivuka akiwa ametulia, hatua zinazofuata zinaweza kuwa ndefu. Wapo wanaomaliza kwa wiki tatu, wapo wanaohitaji miezi, na haina maana kumlinganisha na mbwa wa shemeji.

Wakati wa kutoka, kitambaa kizee kilichokunjwa na ndagala ndani humpa pua yake kazi. Gunzi la mahindi halifai hata kidogo, kwani huweza kuziba utumbo wa mbwa mdogo akalazimika kupasuliwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo huvunjika vipande vyenye ncha. Fulana iliyovaliwa na mwenye nyumba, bila kufuliwa, ikiwekwa mahali pa kulala husaidia wengine. Matembezi kabla ya kazi husaidia karibu wote, na njia za Gitega zenye vilima huuchosha mguu mfupi haraka.

Tatizo ni hili: katika wiki hizo za mazoezi mbwa hatakiwi kuachwa kwa muda unaozidi uwezo wake, na mtumishi hana likizo ya mbwa. Hapa Burundi ina faida ambayo Ulaya huinunua. Huko watu hulipa vituo vya kulelea mbwa mchana. Gitega nyumba isiyo na mtu yeyote karibu nayo ni nadra. Yupo boyi, yupo zamu, yupo jirani mwenye ua mpana, na yupo mama wa ndizi aliyetajwa mwanzo, ambaye kwa maslahi ya masikio yake pengine angekubali mbwa akae chini ya meza yake. Mapatano ya namna hiyo ni tiba kamili kuliko yanavyoonekana, kwa sababu mbwa haponi kwa siku anazopitisha akilia. Kila siku ya kilio humfundisha kulia.

Lakini faida hiyo ina mtego ndani yake. Mbwa hashikamani na mtu aliyemnunua. Hushikamana na anayempa chakula, anayezungumza naye, anayekaa naye. Katika nyumba nyingi huyo ni boyi. Bosi anaweza kusafiri wiki nzima mbwa asigeuze hata sikio, kisha boyi akaenda kwao Krismasi, na mbwa akaacha kula. Mwenye nyumba hushangaa, kwa sababu yeye yupo. Anayeachisha kazi mtu wa nyumbani na kumchukua mwingine siku hiyo hiyo amemfiwisha mbwa bila kujua. Siku chache za watu hao wawili kupokezana zamu, wa zamani akimkabidhi mpya bakuli na saa za matembezi, zingepunguza kilio kingi.

Muyinga hali ina sura nyingine. Ukiifuata barabara ya kaskazini mashariki kutoka Gitega kupitia Karuzi, unafika mji wa biashara ulio karibu na mpaka wa Kobero, ambako malori ya kutoka Tanzania huingia nchini. Wafanyabiashara wake huvuka kwenda Ngara na mbele zaidi, na safari ya siku moja huweza kuwa tatu. Ni mji wenye Waislamu wengi na wazungumzaji wa Kiswahili, na katika nyumba zao mbwa hulala nje. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waswahili wengi, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa wa kulinda nyumba, mifugo au shamba hakukatazwa. Tena Sura ya 18 ya Kurani inamtaja mbwa wa watu wa pangoni aliyejinyoosha kizingitini, na masimulizi humwita Kitmiri. Kizingitini, siyo kitandani. Wala siyo mbali na watu wake.

Kwa hiyo ushauri wa vitabu vya Ulaya wa kumlaza mbwa mpya chumbani haufiki Muyinga, wala haulazimiki. Kibanda kinaweza kujengwa kikiegemea ukuta wa nyumba, mlango wake ukitazama mlango wa jikoni, mahali mbwa anaposikia sauti na kunusa moshi. Kumtupa kwenye kona ya mwisho ya ua, nyuma ya choo, usiku wa kwanza kabisa, ndiko kunakomfanya awe king'ora cha mtaa. Mazoezi ya mlango hufanyika vile vile kwa geti. Na baba anayekwenda Ngara asiondoke na siri yake: mtu atakayebaki na mbwa aanze kumlisha siku kadhaa kabla ya safari, siyo asubuhi ya safari.

Kaskazini mwa Uganda, mjini Gulu, kuna watu waliolichukua suala la mbwa na mtu mpya kwa uzito usio wa kawaida. Francis Okello Oloya alipofuka akiwa na umri wa miaka 12, kitu kilichofukiwa ardhini kilipolipuka akilima. Katika shule ya bweni aliona aibu kuwaamsha wenzake usiku ili wampeleke chooni, na mbwa wa pale shuleni wakawa ndio wasindikizaji wake. Baadaye, kwa kushirikiana na shirika la The BIG FIX Uganda lenye hospitali ya wanyama mjini humo, alianzisha mradi unaowakutanisha mbwa waliotelekezwa na watu walioumizwa nafsi na vita vya waasi wa LRA. Mbwa hutibiwa, huchanjwa na kuhasiwa, na anayempokea hupitia mafunzo pamoja naye. Hakabidhiwi kamba na kuambiwa kwaheri. Katika mradi huo haieleweki kwa urahisi ni nani anayemtuliza nani, maana pande zote mbili zimewahi kuachwa.

Chanjo si jambo la Gulu peke yake, na ina uhusiano wa moja kwa moja na kihoro. Mbwa mwenye hofu hutoroka: huchimba chini ya geti, huruka dirisha, huingia barabarani akimtafuta mtu wake na kukutana na mbwa koko. Karibu vifo vyote vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa duniani huletwa na meno ya mbwa. Mtoto wa mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu. Tena kuna dalili zinazofanana ambazo hazifai kuchanganywa: udenda, kutotulia, sauti iliyobadilika. Mbwa wa kihoro huziacha mtu wake akiingia. Mbwa ambaye dalili hizo hazimwachi hata akiwa na watu, anayeshindwa kumeza au anayeng'ata bila sababu, asifunguliwe kinywa na mtu yeyote. Aitwe daktari wa mifugo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kutafuta chanjo.

Dawa za kihoro chenyewe zipo. Marekani iliidhinisha fluoksetini kwa mbwa wenye tatizo hili mwaka 2007, lakini itumike pamoja na mazoezi, na kwa kipimo cha daktari wa mifugo. Vidonge vya usingizi vya bibi na parasetamoli ya kabatini havimo katika mpango huo. Parasetamoli inaweza kumuua mbwa. Mbwa wa pili pia si dawa ya hakika. Anayemlilia mtu huendelea kumlilia mtu, ila sasa wanalia wawili.

Mtihani mzuri wa kuhitimu ni Jumamosi asubuhi, wakati wa kazi za jamii, ambapo watu wa mtaa hutoka na majembe na nyumba hubaki tupu kweli. Simu iachwe juu ya kabati kama siku ile ya kwanza. Mwenye mbwa aliyevumilia mazoezi, akiisikiliza baadaye, atasikia geti, hatua zake mwenyewe zikififia, kisha kucha zikitembea juu ya saruji hadi mlangoni. Kimya. Mguno mfupi. Kucha zinarudi, kitambaa kinaburutwa, ndagala zinatafunwa. Jogoo wa jirani anawika, majembe yanagongana kwa mbali, na karibu kabisa na simu mbwa anajitupa sakafuni na kushusha pumzi ndefu.